Mlima wa Mbili Nukta Tatu

Mtu akikuambia kwamba mlima ni mlima tu, ujue huyo hajawahi kukaa meza moja na Nukta. Kwa Nukta hapakuwa na mlima, palikuwa na namba. Alikuwa fundi mizani. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuingia madukani kwa watu na sanduku la mawe yake ya shaba, kuyapanga juu ya sahani moja baada ya jingine, kisha kumwambia mwenye duka, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, kwamba kilo yake imepungukiwa gramu kumi na mbili. Wauza sukari walimchukia kama ukoma. Hongo hakula, na chai ya dukani hakunywa mpaka mizani isimame sawa. Jina hilo la Nukta alipewa kwa sababu hakuna namba iliyowahi kutoka kinywani mwake bila nukta nyuma yake. Hata ukimuuliza ana watoto wangapi, alifikiri kidogo kabla ya kujibu watatu.

Lakini mizani ilikuwa mkate tu. Ufalme wake ulikuwa katika chama cha waendesha baiskeli. Chama kilikuwa na mwenyekiti, daktari wa meno aliyependa hotuba kwa sababu kazini kwake ni wateja tu wanaofungua kinywa. Kilikuwa pia na katibu, mama wa posta mwenye muhuri wake mwenyewe na hamu ya kuutumia. Wote wawili walikuwa na vyeo. Nukta alikuwa na daftari la milima, na mwenye daftari ndiye mwenye chama.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila safari ndefu ilipopangwa, wiki moja kabla Nukta aliipita njia yote peke yake, akarudi na namba kati ya moja na tano. Namba hiyo ilibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya chama. Chini ya tatu, yeyote mwenye baiskeli na miguu miwili aliruhusiwa kuja. Kuanzia tatu kwenda juu, mpaka kamati ikukague. Na namba yenyewe haikupatikana kwa kukisia. Akifika katikati ya mlima, Nukta alivuta pumzi moja na kuanza kuhesabu kwa sauti bila kuacha kukanyaga, mpaka pumzi imwishie. Ukifika ishirini, mlima ni moja. Kumi na tano, ni mbili. Kumi, ni tatu. Sita, ni nne. Ukiishia kwenye tatu huku unaona vimulimuli, hiyo ni tano, kaandike wosia. Nukta ziliongezwa baadaye kwa ajili ya kona, kokoto na jua. Wakazi wa kandokando ya barabara walishazoea kumwona mtu mzima anapanda mlima huku akihesabu peke yake. Walidhani amepotelewa na mbuzi.

Palikuwa pia na kifungu cha nne cha katiba: mpimaji aipite njia yote kwa miguu yake mwenyewe, na asiyeweza akabidhi daftari. Kifungu hicho kilipendekezwa na Nukta mwenyewe, miaka sita iliyopita, ili kumng'oa mpimaji aliyemtangulia, mzee wa watu aliyekuwa akipima milima kwa pikipiki. Siku ile Nukta alisimama akasema mtu anayepima jasho bila kutoka jasho ni mwizi kama mwizi mwingine. Watu walipiga makofi. Yule mzee aliondoka bila kuaga na hakurudi tena.

Sasa Nukta ana miaka hamsini na sita, na goti lake la kulia limeanza mgomo. Lilikuwa likilia kama mlango wa stoo. Kwenye chama hakumwambia mtu. Nyumbani alilipaka dawa akiwa amejifungia, kisha akatoka chumbani ananuka duka zima la dawa na kusema ni mafuta ya mnyororo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Nukta hakuogopa kifo. Aliogopa kifungu cha nne.

Ndipo ikapangwa safari kubwa ya mwaka: mzunguko wa kilomita themanini na sita, na katikati yake mlima wa mnara wa simu, kilomita tisa za kupanda mfululizo kuanzia kilomita ya arobaini na mbili. Chama kilikuwa hakijawahi kuugusa mlima huo. Jumapili asubuhi Nukta akafunga daftari kiunoni, akaenda kuupima.

Hakufika mbali. Kwenye kilomita ya kumi na moja, katika kijilima ambacho zamani angekiandika moja nukta sifuri na kukisahau, goti likalia, na safari hii maumivu yakapanda mpaka kiunoni. Akashuka. Akainama kuukagua mnyororo, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Mbele kidogo lilisimama lori la mbao, na dereva wake alikuwa akimimina maji kwenye rejeta.

"Mzee wangu, mnyororo?" dereva akauliza.

"Mnyororo," Nukta akasema.

"Pakia juu twende. Mimi napita kule mnarani."

"Nisogeze tu mpaka darajani."

Walipofika darajani akasema mpaka njia panda. Njia panda akasema mpaka chini ya mlima. Walipofika chini ya mlima hakusema kitu, na dereva, mtu mwenye adabu zake, hakuuliza.

Lori likaingia gia ya kwanza, likaanza kupanda huku likinguruma kwa uchungu. Katikati ya mlima dhamiri ikamchoma Nukta. Hakuwa mtu wa kuandika namba ya kubuni, alikuwa fundi mizani. Basi akakaa wima kwenye kiti cha abiria, akavuta pumzi, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Pumzi ikamfikisha ishirini na tatu.

"Unahesabu nini, mzee wangu?"

"Ugumu wa mlima."

Dereva akamtazama, akatazama barabara, akamtazama tena. "Lakini anayepanda ni lori."

"Nitalitoa," Nukta akasema kwa ukali.

Na kweli akalitoa. Akapunguza nane kwa ajili ya lori, zikabaki kumi na tano, yaani mbili. Akaongeza nukta tatu kwa ajili ya kona na kwa ajili ya dhamiri. Kule mnarani akashusha baiskeli, akateremka upande wa pili hadi nyumbani, kilomita thelathini na tano ambazo hata gunia lingeziteremka. Jioni ubao wa chama ukasomeka: mlima wa mnara, mbili nukta tatu.

Ajabu ya binadamu ni kwamba namba ya uongo iliyokaa vizuri hufurahisha kuliko ya kweli. Katibu alifurahi kwa sababu chini ya tatu watu watakuja wengi, akapiga muhuri mara mbili. Fulana zikachapwa siku ya pili yake, zimeandikwa kifuani: MBILI NUKTA TATU, TUNAWEZA WOTE. Ni mwenyekiti tu aliyenung'unika kidogo, maana alitaka angalau tatu na nusu. Alisema mtu hawezi kutoa hotuba ya maana juu ya mlima wa mbili. Lakini naye alikubali, kwa kuwa Nukta amepima, na Nukta hakosei.

Jumanne mkewe Nukta akarudi nyumbani na robota la vitambaa vya sare begani. Alikuwa mshonaji. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amekaa dirishani kwa cherehani ya kukanyaga, akishona sare za shule nzima nzima, na kwa miaka hiyo yote aliwahi kumwuliza mumewe mara moja tu kama wanawake nao wanaruhusiwa kwenye zile safari. Nukta alimjibu kwamba wanaruhusiwa, lakini milima haijui kubembeleza.

"Nimepita pale ubaoni," mkewe akasema. "Mbili nukta tatu. Hiyo naiweza."

Nukta alikuwa anafuta jiwe la gramu mia mbili. Likamponyoka.

"Unaiweza nini?"

"Safari. Nimejiandikisha. Dada yangu ananiazima baiskeli yake, ile ya bluu yenye kikapu."

"Mke wangu, ile ni mbili nzito."

"Mbili nzito ndiyo tatu?"

"Hapana. Ni mbili."

"Basi nakwenda."

Hapo maji yakamfika Nukta shingoni. Aliujua ule mlima. Alikuwa ameuona kupitia kioo cha lori, kona juu ya kona, na alisikia injini ya lori la tani saba ikilia. Aliona akilini mkewe akiwa kwenye kona ya tano, uso umepauka, moyo unadunda, na juu ya moyo huo fulana inasema tunaweza wote. Neno moja tu lilitosha. Angesema nilipanda lori, na mkewe angebaki nyumbani salama. Lakini angelisema, daftari lingekwenda, na bila daftari angekuwa nani? Mzee wa mizani mwenye goti bovu. Alilimeza neno hilo Jumanne, akalimeza Jumatano, na kila alipolimeza lilizidi kuwa kubwa.

Akajaribu njia za uani. Alisema jua litakuwa kali, mkewe akanunua kofia. Alisema baiskeli za kikapu hazina heshima barabarani, mkewe akakitoa kikapu. Alhamisi alitoa upepo kwenye gurudumu la nyuma, na Ijumaa asubuhi mkewe akalijaza upepo huku akiimba. Mwisho, na hili aliona aibu hata wakati analifanya, alilegeza nati ya kiti. Mkewe akaikaza kwa spana ya Nukta mwenyewe, kisha akairudisha mahali pake kwenye sanduku, imefutwa vizuri.

Juu ya hayo, kila alfajiri mkewe alikuwa anatoka na ile baiskeli kwenda kupanda kilima cha tangi la maji. Anapanda, anashuka, anapanda. Anarudi amelowa kama aliyetumbukia kisimani.

"Mbili haihitaji mazoezi yote hayo," Nukta akamwambia.

"Mbili zako nazijua," mkewe akajibu, akaenda kuoga.

Siku ya siku ikafika. Watu arobaini na mmoja wenye fulana za aina moja walijipanga barabarani. Kulikuwa na wanene waliokuja kwa sababu ya mbili, wazee waliokuja kwa sababu ya nukta tatu, na mwalimu mmoja aliyekuja na mwavuli. Mwenyekiti akahutubia. Wakaondoka.

Kilomita za mwanzo zilikuwa tambarare, na watu walikuwa wanapiga soga na kutaniana. Nukta alikuwa anakanyaga kwa mguu mmoja zaidi ya mwingine, macho yakiwa mgongoni kwa mkewe. Mkewe alikanyaga vizuri, kusema kweli. Hakuyumba wala hakusimama kwenye pedali, miguu ilikwenda juu chini kwa mwendo uleule mmoja, kana kwamba mbele yake kuna pindo refu la kumaliza. Nukta hakupata faraja. Alikuwa anahesabu kilomita: ishirini, thelathini, thelathini na sita. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Nukta aliitamani iwe ndefu zaidi kidogo.

Chini ya mlima, kwenye kilomita ya arobaini na mbili, wakapumzika. Desturi ilikuwa kwamba kabla ya kupanda, mpimaji afungue daftari na kuusoma mlima mbele ya wote. Nukta akasimama juu ya jiwe. Arobaini wakamgeukia. Juu yao barabara ilipanda, ikapinda, ikapotea, ikaonekana tena juu sana mahali ambapo mtu hakutegemea kuona barabara. Mwalimu mwenye mwavuli akacheka kicheko cha wasiwasi. Mkewe Nukta alikuwa ameinama anakaza kamba za viatu, shingo yake nyembamba ikionekana chini ya kofia ile mpya, na Nukta akaiona ile shingo. Alimpenda. Ni jambo ambalo hakuwa amelipima siku nyingi.

"Mlima huu," akaanza, akalifunga daftari. Akaanza tena. "Mlima huu sikuupanda. Niliupita nikiwa ndani ya lori la mbao. Goti langu bovu. Namba hii ni uongo. Asiyejiamini arudi nyumbani, na wewe, mke wangu, rudi, nakuomba."

Mtu mmoja akaangusha chupa ya maji.

Ungedhani watu watapanda baiskeli zao na kurudi. Humjui binadamu aliyekwisha kuvaa fulana. Wa kwanza kusema alikuwa katibu.

"Lakini Mzee Nukta, imeshapigwa muhuri!"

Mwenyekiti akainua mkono. "Ndugu zangu, kifungu cha saba. Namba haibadilishwi njiani. Ikibadilishwa njiani, kesho kutwa kila mtu atakuwa na namba yake."

"Kwa hiyo ni mbili?" akauliza mwalimu.

"Kwa sasa ni mbili. Tunaweza kuiita mbili ya muda."

Wakabishana robo saa. Mwishowe wakapiga kura, mikono juu, juani, chini ya ule mlima. Ishirini na wanane walikubali kwamba mlima ni mbili nukta tatu. Tisa walisema ni tatu. Watatu hawakuwa na upande. Mlima haukuulizwa.

Mkewe Nukta hakuinua mkono wakati wowote. Alikuwa anamtazama mumewe, si kwa hasira wala si kwa huruma, alimtazama tu kama mtu anayesoma kipimo cha utepe. Kisha akapanda baiskeli.

"Nimekuomba urudi," Nukta akasema.

"Nimesikia," akajibu, akaanza kukanyaga.

Kura zilidumu mpaka kona ya pili. Hapo mwenyekiti alishuka, akasema anasubiri walio nyuma, akaketi. Kwenye kona ya tatu wanene walikuwa wamelala majanini, vifua vinapanda na kushuka, MBILI inapanda na kushuka navyo. Katibu alikuwa anasukuma baiskeli huku akiwatukana waliobuni baiskeli, mlima na posta. Mwalimu alifungua mwavuli akakaa chini yake kando ya barabara, akakataa kuzungumza na mtu. Hakuna aliyeitaja namba. Nukta aliwapita mmoja mmoja akiwa amekaza meno, na kila aliyempita alimwangalia kwa jicho la mtu aliyepiga kura.

Goti lilikubali kilomita tatu. Kisha likakataa, na safari hii Nukta hakujifanya kukagua mnyororo. Alishuka mbele ya watu, akasukuma. Wale aliowapita wakampita. Alisukuma kilomita sita, anachechemea, jua utosini, jasho likimwingia machoni mpaka akawa haoni ila lami iliyo mbele ya gurudumu. Kila kona alitafuta baiskeli ya bluu iliyolala chini na mtu aliyeanguka pembeni yake. Hakuiona. Akaogopa zaidi, maana labda ilianguka bondeni.

Alifika mnarani akiwa wa mwisho. Wenzake walikuwa wamelala huku na huku kama nguo zilizoanikwa chini. Mkewe alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi, kofia mapajani, anakula chungwa. Amefika wa kumi na moja, mtu akamwambia Nukta. Hakushuka hata mara moja.

Mwenyekiti, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hana pumzi ya hotuba, akanyanyua kichwa. "Ndugu Nukta. Chama kinangoja namba. Sisi tunaona nne."

"Hata nne haitoshi," katibu akasema toka chini alipolala. "Ila tano usiandike. Ukiandika tano, fulana zote hizi tutazipeleka wapi?"

Nukta akafungua daftari kwenye ukurasa wa mlima. Akaifuta mbili nukta tatu kwa mstari mmoja. Akaandika tano, bila nukta. Chini yake akaandika: mpimaji alisukuma. Akatia sahihi, akamwekea katibu daftari tumboni, maana mikono ya katibu ilikuwa haijapona uchovu wa kusukuma. Hakuna aliyepiga makofi.

Akaenda kukaa ukutani pembeni ya mkewe. Mkewe akampa kipande cha chungwa. Wakakaa hivyo, chini yao barabara yote inaonekana, imejikunja kama utumbo.

"Ungeweza kufa," Nukta akasema.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukurudi nilipokuambia?"

"Nilikuwa nimeshajiandaa kwa tano."

Nukta akageuka. "Ulijua?"

"Nilifua shati lako lile la Jumapili. Miaka ishirini na saba nafua mashati yako. Kila ukitoka kupima, mgongoni kunakuwa na mstari wa chumvi ambao mpaka niufikiche. Lile lilikuwa kavu, safi, ungeweza kulivaa kwenda kwenye harusi."

"Tangu Jumapili ile unajua," Nukta akasema. "Mbona hukusema?"

Mkewe akafuta vidole kwenye sketi, kimoja kimoja.

"Nilitaka kuona utaniacha niende mpaka wapi."

Nukta alitazama barabara kule chini kabisa, mahali lilipokuwa lile jiwe alilosimama juu yake.

"Kilomita arobaini na mbili," mkewe akasema. Akavaa kofia, akapanda baiskeli ya dada yake, akaanza kuteremka.